Bendi, Chuo au Chumbani Peke Yako: Nani Ashike Ratiba Yako ya Muziki?

Kijana anayetaka kuishi kwa muziki huulizia kwanza kipaji, kisha mtaji, kisha mtu wa kumfikisha redioni. Mimi nimepiga gitaa la rizimu jijini Dar es Salaam kwa miaka 13, minane ndani ya bendi na iliyobaki nikirekodi mwenyewe chumbani, na katika muda huo nimewaona wenye vipaji vikubwa wakiishia njiani huku wenye vipaji vya wastani wakiendelea kuitwa kazini. Ukiwachunguza hao waliodumu utakuta kila mmoja anajua leo atashika chombo saa ngapi, na anajua pia nani atamwajibisha asipokishika. Ndiyo maana mtu anayeanza akiniomba ushauri humwuliza hivi: siku utakayoamka huna hamu kabisa ya muziki, ni kitu gani kitakufanya upige? Jibu lake hunionyesha ni ipi itakayomfaa kati ya njia tatu zilizopo hapa kwetu, yaani kuingia bendi, kusoma chuo, au kujifungia chumbani na kompyuta.

Nazilinganisha njia hizi kwa ajili ya mtu anayetaka muziki uwe kazi yake. Anayepiga kwa kujifurahisha hana haja ya ulinganisho huu, apige apendavyo.

Bendi: ratiba iko mikononi mwa wenzako

Katika bendi, mazoea yako hayaachiwi utashi wako. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na mazoezi yalihesabiwa kuwa kazi kama kazi nyingine yoyote. Bendi hiyo ilibadili jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi kufikia hii tunayoiita leo Msondo Ngoma. Mpinzani wake wa jadi, Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, nayo ililelewa na mashirika. Jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwa na Kimulimuli. Muhidin Gurumo, aliyeimba katika zote mbili, Msondo na Sikinde, alistaafu mwaka 2013 akiwa ameimba kwa takriban nusu karne, na sidhani kama sauti ya mtu inaweza kudumu kiasi hicho bila kuwa ndani ya utaratibu unaoidai kila wiki.

Mfumo huo wa mashirika umepungua sana, ila tabia yake imebaki katika bendi binafsi. Bendi niliyokuwamo ilifanya mazoezi Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi, katika ukumbi uleule tuliopiga mwisho wa wiki, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza na sakafu ikinuka bia ya juzi. Aliyechelewa alikatwa faini, na fedha hiyo ilinunua chai na chapati za wengine, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kumwombea mwenzake achelewe. Lakini faini haikuwa ndiyo iliyotufundisha. Kiongozi wetu alikuwa na desturi ya kusimamisha wimbo katikati, akamnyooshea kidole mpigaji mmoja, akamwambia apige kipande chake peke yake. Nakumbuka siku iliponiangukia mimi: bendi nzima ikanyamaza, mpiga tumba akaweka mikono mapajani, na mimi nikapiga mizunguko minane ya rizimu ambayo siku zote nilidhani naijua. Katika mzunguko wa tatu nilisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba kidole changu kidogo kilikuwa kinawahi kuachia uzi. Kosa hilo lilikuwa limejificha nyuma ya tarumbeta kwa miezi. Aibu ya dakika moja iliniweka nyumbani na gitaa usiku wa siku tatu mfululizo.

Hapo ndipo bendi inapozishinda njia nyingine zote. Inakupa masikio ya watu kumi, inakupa hadhira ya kweli kila wiki, inakufundisha kupiga huku umeme ukikatika na kurudi, na inakulazimisha kukariri nyimbo nyingi kuliko ambavyo ungejifunza kwa hiari yako. Bendi za mahoteli ya pwani ya Kenya zinaonyesha jambo hili vizuri. Them Mushrooms, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilijijenga kwa kupigia watalii kwenye mahoteli ya Mombasa, na wimbo wake wa kuwakaribisha wageni, ambao hakuna mtalii aliyepita pwani asiousikia, ulizaliwa katika kazi hiyohiyo ya kila jioni.

Sasa upande wake mbaya, ambao wanabendi wenyewe hawapendi kuusema. Kupiga mara nyingi na kujifunza ni mambo mawili. Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Wanafunzi walikuwa wamegawanywa kwa ubora, na karibu wote walikuwa wakitumia muda mwingi katika shughuli za muziki kwa jumla. Kilichowatenganisha ni saa za kufanya mazoezi wakiwa peke yao: wale bora walifikisha takriban saa 24 kwa wiki, na wale waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu wa muziki takriban saa 9. Tena hawakuzipiga zote kwa mkupuo. Walifanya vipindi vya kama saa moja na nusu, hasa asubuhi, wakapumzika, na wale bora walilala mchana zaidi ya wenzao. Mwanabendi anayepiga nyimbo zilezile 40 kila Ijumaa na Jumamosi ana saa nyingi sana za jukwaani, lakini huenda hana hata saa moja ya kukabiliana na asichokiweza. Bendi za kopi ndizo hatari zaidi, kwa sababu mteja anataka wimbo usikike kama ulivyorekodiwa, na baada ya miaka mitano mpigaji anajikuta anaweza kuiga kila mtu ila hajui mkono wake mwenyewe ukoje.

Kuna jambo jingine la zamani ambalo halijabadilika sana. Katika bendi za mashirika vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama alitoka mikono mitupu. Hadi leo wako wapigaji wazuri wasio na gitaa lao, ambao hushika chombo tu wanapofika ukumbini. Mtu wa namna hiyo hana mazoea ya muziki. Ana mazoea ya kwenda kazini, na siku bendi itakapovunjika yataondoka nayo. Ukichagua bendi, fedha yako ya kwanza iende kwenye chombo chako mwenyewe, hata kiwe duni.

Chumbani: ratiba ni wewe mwenyewe

Njia ya pili ndiyo inayowavutia vijana wengi wa leo, na sababu zake zinaeleweka. Prodyuza mmoja mwenye kompyuta, kadi ya sauti na maikrofoni moja anaweza kutoa kazi ambayo zamani ilihitaji studio ya Radio Tanzania na bendi iliyofika ikiwa imeshaiva, tayari kurekodi nyimbo zake kwa pamoja. Bongo Fleva imekua hivyo, na singeli imekua hivyo zaidi, katika vyumba vidogo vya uswahilini. Tangu Februari 2021 Spotify inapatikana Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, Boomplay ilikuwapo kabla yake, na YouTube iko kwenye kila simu. Huhitaji ruhusa ya kiongozi wa bendi ili uachie wimbo.

Uhuru huo una bei yake, nayo inalipwa kila siku. Chumbani hakuna faini, hakuna tarumbeta linalokusubiri, hakuna anayejua kama leo ulifanya kitu. Nilipotoka kwenye bendi niliweka godoro la ziada ukutani kuzuia mwangwi, nikajiwekea saa mbili usiku kuwa muda wa kurekodi, nikaamini mambo yameanza. Saa mbili usiku mtaani kwetu ni saa ya taarifa ya habari kwa jirani wa kulia na saa ya kukosana kwa majirani wa kushoto. Feni lazima izimwe kwa sababu maikrofoni inaichukua, na ikizimwa, baada ya dakika 20 shati linagandama mgongoni na masikio ndani ya hedifoni yanaloa. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikaanza kusema nitarekodi kesho, na nilipofungua kompyuta nilirekebisha kiki, yaani mlio wa ngoma nzito, ya wimbo uleule kwa usiku wa tano mfululizo, kazi inayofanana sana na kazi ya kweli. Mwisho wa mwaka nilikuwa na nyimbo 11, na hata mmoja haukuwa umekamilika.

Vitu viwili viliniokoa. Cha kwanza ni kuacha kuhesabu saa na kuhesabu vilivyokamilika: kila Jumapili kabla ya saa sita mchana nimtumie rafiki mmoja kitu chenye mwanzo na mwisho, hata kama ni ubeti mmoja na kiitikio kwa gitaa tupu lililorekodiwa kwa simu. Cha pili ni kuhamisha muda. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja mpya kila mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, ingawa tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Washiriki hao waliifunga tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari lilikuwa likitokea kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mimi nilihamia alfajiri, mara tu baada ya swala, wakati mtaa umelala na hewa bado ya baridi. Jogoo wa jirani amo katika rekodi zangu tatu, na msikilizaji mmoja aliwahi kunisifu kwa kuuweka mlio huo kwa makusudi.

Mtu wa chumbani anapaswa pia kujua jinsi mitandao inavyohesabu, kwa sababu ratiba yake ya kuachia nyimbo inategemea hesabu hiyo. Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauzalishi malipo kabisa. YouTube, ili ianze kukugawia fedha za matangazo, hudai watu 1,000 waliojiunga na chaneli pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90. Kwa msanii mchanga masharti haya yana maana ya wazi: nyimbo 12 zilizotoka moja kila mwezi zinampa nafasi 12 za kusikika na sababu 12 za kuwarudia wasikilizaji wake, wakati albamu moja iliyofanyiwa kazi miaka mitatu inampa nafasi moja tu, tena akiwa amechoka. Najua wapo watakaosema kwamba wimbo wa kila mwezi unazaa nyimbo mbovu. Baadhi zitakuwa mbovu kweli. Hata hivyo wimbo wa saba huwa na kitu ambacho wa kwanza haukuwa nacho, nami sijaona njia ya kuufikia wa saba bila kupita kwenye hizo sita.

Chuo: ratiba iko kwa mwalimu

Njia ya chuo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi, na kutoka hapo taarabu ya visiwani ikashika mizizi hadi kuzaliwa kwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Leo Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza kufundisha mwaka 2002 katika jumba la zamani la forodha huko Mji Mkongwe. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyotokana na Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981. Na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyopo tangu 1944.

Kinachopatikana chuoni, na kinachokosekana kwingineko, ni mpangilio wa ugumu. Mwalimu anajua kwamba huwezi kufika hapa kabla ya kupita pale, nawe huupotezi mwaka mzima ukihangaika na jambo lisilo la ngazi yako. Chombo kama kanuni, chenye nyuzi zaidi ya 70, hakijifunzwi kwa kubahatisha. Kukisawazisha tu kabla ya somo ni kazi inayomfundisha mwanafunzi kufika mapema. Udi na fidla vilevile vinataka mtu wa kukukosoa mkono ungali laini. Mpiga gitaa au kinanda anaweza kujikokota mwenyewe kwa video za mtandaoni, japo atachukua kasoro nyingi njiani.

Udhaifu wa chuo huonekana baada ya kuhitimu. Ratiba ilikuwa ya mwalimu, mtihani ulikuwa wa mwalimu, na mwanafunzi akishapewa cheti hubaki hana wa kumdai. Ada nayo ni ya kweli, na vyuo vyenyewe hutegemea wafadhili ambao huweza kujiondoa. Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni kwamba aingie kwenye kikundi akiwa bado anasoma, kama walivyofanya vijana waliosomea Dhow Countries kisha wakaunda Siti and the Band mwaka 2015, ili siku ya kuhitimu imkute tayari ana mazoezi ya kuhudhuria.

Pana pia njia ya kati, ambayo Tanzania House of Talent iliionyesha tangu mwaka 2005 chini ya marehemu Ruge Mutahaba: vijana walifunzwa kuimba na kutumbuiza pamoja, wakapandishwa jukwaani wakiwa bado wanajifunza. Waimbaji Barnaba na Linah walipita huko. Ukipata mahali penye muundo wa aina hiyo karibu nawe, usisite sana.

Fedha, na karatasi ambazo hakuna anayependa kuzijaza

Katika mwaka wa kwanza bendi ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kukulipa kitu kila wiki, iwe ni sehemu ya kiingilio, posho ya hoteli, au fedha ya kutunzwa na wapenzi wa muziki. Ni kidogo, lakini inafika. Chuo kinakula fedha. Chumbani kunakula fedha polepole, kwa bando, umeme, biti na usambazaji, kisha huenda kukakurudishia kwa miaka mingi, kwa sababu wimbo ni wako.

Hilo la wimbo kuwa wako ndilo linalobadili hesabu yote. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki hudumu kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kazi inalindwa tangu inapoundwa, lakini usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio utakaokupa ushahidi siku ya mzozo. Katika bendi nyimbo hutungwa na wengi: mmoja analeta shairi, mwingine anatia mpangilio wa tarumbeta, wa tatu anabuni solo ambalo ndilo watu wanaloimba njiani. Baada ya miaka 20 kila mmoja anakumbuka kwamba wimbo ulikuwa wake, na hapo huwa wengine wameshafariki. Niliwahi kupoteza sehemu yangu katika wimbo mmoja uliopigwa sana, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuandika kitu. Siku hizi naandika usiku uleule wa kutunga: jina la wimbo, nani alifanya nini, asilimia ya kila mmoja na saini, kisha napiga picha karatasi hiyo na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako tarehe inabaki. Inachukua dakika tano. Mtu wa chumbani anayefanya kazi na prodyuza anaihitaji desturi hii kuliko mtu yeyote, kwa kuwa biti aliyopewa kirafiki leo itageuka kuwa deni siku wimbo utakapovuma.

Mwili na nyumba

Mpiga bendi hulala saa kumi usiku mwisho wa wiki, na ukijumlisha na ajira ya ofisini inayoanza saa mbili asubuhi Jumatatu, mwili hudai deni lake haraka. Mwimbaji huumia zaidi kuliko mpigaji, kwa sababu hana chombo cha kubadilisha nyuzi. Sauti iliyoimba kwa muda wa saa nne usiku huo bila spika nzuri ya kujisikia hupaswa kunyamazishwa asubuhi yake, pamoja na maji mengi na bila kupiga kelele mpirani. Wa chumbani analala vizuri, ila hukosa kitu kingine: hajui kama sauti yake inaweza kuimba nyimbo 15 mfululizo, na wengi hugundua kwamba haiwezi wakiwa tayari wako mbele ya watu.

Kwa wanawake swali la usafiri wa usiku na la familia huja kabla ya yote, na sioni faida ya kulifunika. Njia isiyozungumzwa sana ni ile ya kikundi kidogo kinachokutana nyumbani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekuja mjini kutoka Fumba na aliyejifunza nyimbo zake kwa kusikia, aliimba na kundi dogo la wapigaji na watunzi waliokuwa wakikutana nyumbani kwake, na ni kundi hilo lililosafiri naye hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Watu wanne au watano, sebule moja, siku mbili za wiki zisizobadilika: ni nusu ya bendi na nusu ya chumbani, na kwa mwenye watoto au mwenye kazi ya kutwa naiona kuwa afadhali kuliko zote.

Ningechagua vipi

Kama unajijua kwamba huamki bila kuitwa, ingia bendi. Usijidanganye kwamba utabadilika ukinunua maikrofoni. Lakini jiwekee saa moja ya peke yako kabla ya kila mazoezi, yenye kosa moja tu la kurekebisha, kwa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, inayoanza polepole, tuseme mapigo 60 kwa dakika, na kupanda kidogo kidogo pale tu unapopiga mara tano bila kujikwaa. Saa hiyo ndiyo ile ambayo wanafunzi wa Berlin walikuwa nayo kwa wingi na ambayo bendi haitakupa kamwe.

Kama wewe ni mtunzi kwanza na mwimbaji baadaye, na umewahi kumaliza jambo gumu bila kusimamiwa, nenda chumbani, tafuta mtu mmoja wa kumtumia kazi kila wiki, na usiachie wimbo wowote mtandaoni mpaka uwe na nne zilizokamilika, ili mwezi wa pili usikukute huna kitu. Kama chombo chako ni udi, fidla, kanuni au tarumbeta, au kama unataka kuja kufundisha, chuo hakina mbadala mzuri, hata kwa kozi fupi. Umri nao una neno lake: mwenye miaka 17 anaweza kuipa shule miaka miwili bila hasara, wakati mwenye 30 na familia mara nyingi hufaa aanzie penye kipato cha wiki.

Asiyeweza kuamua namshauri afanye jaribio la siku 66, akiwa na daftari la shilingi elfu moja. Kila siku aandike tarehe, saa aliyoanza, na jambo moja alilolirekebisha, yote katika mstari mmoja. Asiandike alivyojisikia. Zikiisha atazame mistari iliyobaki wazi: ikiwa mingi ni ya siku alizokuwa peke yake, anahitaji watu, ikiwa ni ya siku alizongoja wenzake wasitokee, aanze kununua godoro la ukutani.

Mimi mwenyewe nimerudi nusu. Jumatano jioni nina mazoezi na wenzangu watatu katika sebule ya mpiga besi, ambaye mke wake ametupa ruhusa hadi saa tatu kamili na huanza kufunga madirisha saa tatu kasoro dakika tano. Alfajiri zote ni zangu na jogoo.